Chaki Haitembei

"Mama, gari linaogopa nini?"

Swali lilitoka kiti cha nyuma, kwa mtoto aliyefungwa mkanda sawasawa lakini bado alikuwa amepata namna ya kuchomoza shingo katikati ya viti viwili vya mbele. Barabara ilinyooka kama uzi uliovutwa. Kushoto ukuta wa kiwanda cha saruji, kulia matangi ya maji, chini lami mpya. Hapakuwa na shimo la kulaumiwa. Hata hivyo usukani ulikuwa unatetemeka. Haukuruka wala kupiga kelele. Ulitetemeka tu, tetetete, kama mfuniko wa sufuria maji yanapokaribia kuchemka, na mtetemeko huo ukapanda kwenye viganja vya mama, ukaingia viwikoni, ukakaa humo.

"Haliogopi. Linanguruma."

"Hapana, kunguruma ni kule mbele. Huku ni kutetemeka. Wewe ndiye unayeogopa?"

"Kaa vizuri, mwanangu."

Mtoto huyu hakuitwa Maswali bure. Jina lake la cheti lilikuwa refu na zuri, lakini tangu alipojua kusema alikuwa haamki bila kuuliza na halali bila kujibiwa, basi mtaa ukambatiza upya. Mama yake, fundi cherehani ambaye magauni yake yalijulikana hata na waliokuwa hawajui anakoishi, akajikuta anaitwa Mama Maswali. Hakulalamika. Ugonjwa wa kuuliza mtoto alikuwa ameutoa kwake. Ni yeye ambaye siku ya kwanza ya kuajiriwa alifungua tumbo la cherehani mpya ya tajiri wake, kabla haijashona hata leso, ili tu aone mahali uzi wa juu unapokutana na uzi wa chini. Alifukuzwa siku hiyohiyo, lakini aliondoka amejua.

Safari hii, hata hivyo, palikuwa na swali moja ambalo Mama Maswali hakulitaka. Alilipitia mbali, kama mtu anavyompitia mbali mbwa aliyelala mlangoni.

Swali lilikuwa hili: ni gari linalotetemeka, au ni mikono yake?

Gari lilitoka kwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, muuguzi mwenye maneno mengi na moyo mpana zaidi ya maneno. Alipopata gari kubwa aliwaachia hili dogo kwa sharti moja, lioshwe kila Jumapili. Mwanzoni lilikwenda kama linateleza juu ya mafuta. Kisha, siku ambayo Mama Maswali hakumbuki hata ilikuwa ipi, likaanza.

Alimwambia mumewe kwanza. Mumewe, fundi wa nyaya za umeme, alichukua ufunguo, akazunguka mtaa polepole, akatoka mpaka barabara ya kiwanda, akarudi anapiga mluzi.

"Mbona limetulia?"

"Limetulia?"

"Kama maji ya mtungini. Mama Maswali, wewe unashika usukani kama umemkaba mwizi. Legeza mikono."

Akamwambia wifi.

"Gari lile nimelilea, wifi yangu! Miaka yote halijanitetemekea hata siku moja. Labda limenikumbuka tu, maskini."

Akampelekea fundi wa matairi wa kona, ambaye kila mtu alimwita Pancha. Pancha aliyapiga matairi mateke, moja moja, kama mtu anayeamsha walevi. Akainama, akatazama, akaongeza hewa.

"Magurudumu mazima haya, dada. Hewa ilipungua kidogo tu. Mengine ni mazoea. Gari humjua dereva mgeni, kama ng'ombe anavyomjua mkamuaji mgeni."

Watu watatu, na wote watatu walimaliza kwa kutazama mikono yake. Walifanya hivyo bila ubaya, kama mtu anavyotazama saa ya mwenzake. Lakini yeye aliona.

Na alikuwa na sababu ya kuona. Katika chumba cha nyuma cha nyumba yao aliishi mama yake mzazi, ambaye enzi zake alishona magauni ya harusi mpaka watu wakasema bibi harusi asiyevishwa naye hajaolewa, kaposwa tu. Kisha mikono ikaanza. Alikuwa hajaota hata mvi. Kwanza sindano ilikosa tundu. Baadaye chai ikawa inaishia kwenye sahani. Mwishoni mkasi mkubwa, ule wenye mpini uliofungwa kitambaa chekundu, ukafutwa mafuta na kuwekwa juu ya kabati. Daktari alitoa dawa za kuituliza mikono, na ilitulia kiasi, lakini si kiasi cha sindano. Mama Maswali alikuwa msichana wakati huo. Yeye ndiye aliyekuwa akimtungia mama yake uzi kila asubuhi. Na sasa yeye mwenyewe alikuwa amefika umri uleule.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo. Lakini wanaosema hivyo mikono yao imetulia.

Wiki hiyo akaja mwalimu wa chekechea, mwalimu wa Maswali mwenyewe, amekumbatia mfuko kama amebeba kichanga. Ndani mlikuwa na lesi nyeupe, laini kiasi kwamba ukipumua karibu nayo inainuka. Alikuwa anaolewa. Alitaka maua ya lesi yashonewe kifuani na kwenye mikono ya gauni, moja moja, kwa sindano ya mkono.

"Mashine naziona kila mahali," mwalimu alisema. "Mimi nataka mkono wako."

Mkono wako!

"Nipe mpaka Jumamosi, mwalimu. Nifikirie."

"Ufikirie?" Mwalimu alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. "Haya. Jumamosi mchana nitapita. Kama una kazi nyingi, niambie tu, nitatafuta mwingine."

Mwingine. Mfuko wa lesi ukabaki juu ya meza ya kukatia, na kwa siku zilizofuata Mama Maswali alikuwa akiuzunguka kama anavyolizunguka lile swali.

* * *

Ijumaa jioni mumewe alikuwa safarini, yeye na wenzake wametumwa kusimamisha nguzo mbali na mji, na nyumba ilikuwa ya wanawake watatu. Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na cherehani, kikombe chake kimejazwa nusu tu kama kawaida, akimtazama binti yake akibadilisha uzi. Mdogo alikuwa chini ya meza na sumaku, akivua pini zilizoanguka.

"Umeanza lini hiyo?" mama mzazi aliuliza.

"Ipi?"

"Hiyo ya kufunga fundo."

Mama Maswali hakugeuka. Alikuwa ameunga uzi mpya kwenye mkia wa uzi wa zamani na sasa alikuwa anauvuta taratibu, fundo lipite tunduni lenyewe. Kila fundi anaujua ujanja huo. Unaokoa muda. Unaokoa pia kuinua uzi mbele ya sindano na kungoja kuona kama mkono utatii.

"Naharakisha tu, mama."

"Unaharakisha. Na ile sindano ya mkono pale kwenye mto, ina uzi mweusi tangu juzi, na wewe unashona nyeupe. Hujaigusa." Mama aliweka kikombe chini kwa mikono miwili, kikagonga sahani mara kadhaa kabla ya kukubali kukaa. "Mimi mikono yangu inatetemeka, mwanangu. Macho hayatetemeki."

Chini ya meza sumaku ilisimama. Maswali alikuwa anasikiliza kwa masikio yote aliyopewa.

Ndipo yakamtoka. Aliyasema yote, usukani, barabara ya kiwanda, mumewe na mluzi wake, wifi, Pancha na ng'ombe wake, na lesi. Aliyasema akiwa ameikalia mikono yake kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho. Hakumpa pole. Alikunja uso kidogo, ule uso wa zamani wa kutazama gauni linalokaa vibaya begani wakati vipimo vyote viko sawa.

"Linatetemeka wakati wote?"

"Hapana... Nikiwa mjini halitetemeki."

"Mikono yangu hutetemeka mjini, shambani na kanisani," mama alisema. "Haichagui barabara. Wakati gani basi?"

"Kule kwenye lami mpya. Nikifika themanini."

"Na ukizidisha?"

"Sizidishi. Aliyenifundisha kuendesha alisema themanini inatosha."

"Na mumeo yeye?"

Mumewe? Mtaani hutambaa kwa sababu ya watoto wanaocheza, na akiona lami imenyooka huipita themanini kama basi linavyopita kituo kisicho na abiria. Hakai hapo hata kidogo. Ilikuwaje hakuwahi kuliwaza hilo? Yeye, aliyefukuzwa kazi kwa kudadisi!

"Umeuliza kila mtu," mama alisema, "isipokuwa gari lenyewe."

"Gari halisemi, Bibi!" sauti ilitoka chini ya meza.

"Gauni linasema, mjukuu wangu? Lakini mbona mama yako hulijua lilipopinda?"

Mama Maswali akalitazama kabati, kisha dirisha, na nje ya dirisha gari dogo limeegeshwa chini ya taa ya uani, limenyamaza kama halijafanya kitu. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alihisi kile kitu chake cha zamani kikimnyanyua ukosi. Hamu ya kujua. Hofu haikuondoka, ila ilisogea kwenye kiti ili mwenzake naye apate pa kukaa.

"Pindo," alisema.

"Eeh," mama alijibu, na akatabasamu. "Pindo."

* * *

Asiyewahi kumpima mtu pindo la gauni pana hajui mtego wake. Ukilipima likiwa mezani, litatoka sawa mezani na litakuwa kombo mwilini. Namna ya kweli ni moja. Anayevaa husimama juu ya kigoda. Fundi hupiga goti chini, kiwiko juu ya goti, chaki mkononi, na chaki hiyo haisogei. Anayevaa ndiye azunguke, polepole, na kila mahali gauni linapotokeza, linajigusa kwenye chaki na kujiandika lenyewe. Mama alikuwa amemfundisha hivyo kwa fimbo ya kupimia nyuma ya vidole: *Chaki haitembei! Ukiifuata nguo na chaki, utaandika makosa yako, si ya nguo.*

Asubuhi ya Jumamosi, uani, walilivalisha gari.

Jeki ilikuwa kwenye buti na Mama Maswali alijua kuitumia. Hilo mumewe alimfundisha vizuri. Gari liko mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, mawe mawili yamekaba magurudumu ya nyuma, gia imeachwa huru. Alizungusha usukani mpaka mwisho ili gurudumu la mbele ligeuze mgongo, na ile sura yake ya ndani, isiyotazamwa na mtu, ikatokea. Ilikuwa nyeusi kwa vumbi la breki. Akaifuta kwa kitambaa. Kisha akapampu jeki mpaka tairi likaachana na ardhi.

"Limesimama juu ya kigoda!" Maswali akashangilia. Alikuwa ameambiwa akae ngazini na asishuke hata nyumba ikiungua.

"Nani atazungusha, nani atashika chaki?" mama aliuliza, ingawa jibu lilikuwa wazi na wote wawili walilijua.

"Mama..."

"Mimi nitazungusha. Tairi halichagui mkono. Wewe shika chaki."

Mama Maswali akapiga goti. Akaweka kiwiko juu ya goti, na chaki nyeupe ya fundi, ile bapa yenye ukingo mkali, akaisogeza mpaka karibu na mdomo wa rimu, karibu kabisa, nafasi ya kupita karatasi. Ndipo akaelewa anachofanya. Kama mkono wake ungetikisika, chaki ingegonga rimu hapa na pale na kule, vitone duara zima, na asingeweza tena kumsingizia mtu wala gari. Alikuwa amejiweka mwenyewe juu ya kigoda. Angeweza kuinuka, akasema mgongo unauma, akaita fundi.

Akapiga moyo konde.

"Zungusha, mama."

Mikono ya mama ilishika tairi ikitetemeka, ikasukuma. Gurudumu likaanza kuzunguka, zito, likikwaruza kidogo ndani. Rimu ikapita mbele ya chaki. Ikapita, ikapita, bila kitu. Kisha, *kwaruu*. Chaki iligongwa, si kwa nguvu, kama mtoto anavyokupiga bega akipita mlangoni.

Nani kamgonga mwenzake?

"Endelea," alisema.

Kimya, kimya, kimya. *Kwaruu.*

"Tena."

*Kwaruu.*

"Mama, imejiandika!" Maswali alikuwa amesimama ngazini akinyoosha kidole. "Lakini mbona imejiandika hapo tu?"

Gurudumu likasimama. Mama Maswali aliinamisha kichwa mpaka shavu likakaribia tairi. Mdomo wote wa rimu ulikuwa mweusi, safi, kama alivyoufuta. Isipokuwa mahali pamoja. Hapo palikuwa na alama nyeupe yenye urefu wa kidole, nene, mkwaruzo juu ya mkwaruzo, kila mzunguko umeangukia mgongoni mwa mwenzake. Alipitisha kidole. Chuma kilikuwa kimebonyea, kikajikunja kuelekea chaki, kama ukingo wa bakuli la bati lililoangushwa.

Mama yake alizunguka gurudumu, akishikilia boneti, akaja kuinama naye.

"Nieleze unachokiona," mama alisema, kama alivyokuwa akimwambia zamani.

"Imepinda."

"Hiyo nimeiona. Kingine."

"...Alama ni moja."

"Ni moja. Mkono unaotetemeka, mwanangu, ungeandika barua nzima hapo. Mimi ndiye wa kukwambia, maana nimeziandika." Alinyoosha mkono wake wenyewe, ukipepesuka hewani kati yao, na akauweka juu ya mkono wa binti yake, ule uliokuwa bado umeshika chaki. Kwa kitambo mikono yote miwili ilitetemeka, mmoja kwa ajili ya mwingine. Kisha wa binti ukatulia, na wa mama ukaendelea na safari yake.

Mama Maswali akacheka, machozi yakamtoka, akafuta kwa mkono wa vumbi la breki, akawa na sharubu. Maswali akauliza kwa nini Mama ana sharubu. Hakujibiwa, na kwa siku ile akasamehe.

Fundi mzuri hupima mara mbili. Walishusha gari, wakainua gurudumu la upande wa pili, wakafanya vilevile. Chaki haikuguswa hata mara moja. Mama Maswali aliisogeza zaidi, unywele mmoja baada ya mwingine, mpaka ikagusa, na ilipogusa iligusa duara zima, mstari mwembamba usiokatika, mzuri kiasi cha kutamani kuushona.

Na Maswali, aliyeruhusiwa sasa kushuka, alikuwa akitembea toka tairi hadi tairi akiyasalimia kwa kiganja.

"Mama, kwa nini hili lina mifupa ya samaki na mengine yana ngazi?"

"Nini?"

"Haya matatu yana ngazi-ngazi. Hili lililopinda lina mifupa ya samaki."

Wakubwa wawili wakatazamana. Wakaenda nyuma, wakafungua buti, wakainua zulia. Tairi la akiba lilikuwa limelala kwenye shimo lake kwa amani. Lilikuwa la ngazi-ngazi.

* * *

"Ile spea?" Simu ilikuwa imejaa upepo, mumewe alikuwa juu ya kilima mahali fulani. "Si nilifunga mwenyewe! Hukumbuki tulivyokanyaga msumari pale getini? Majirani walinipigia makofi!"

"Nakumbuka makofi. Tairi letu la msumari likaenda wapi?"

"Pancha aliliziba, nikalirudisha kwenye buti. Ile spea ilishafungwa vizuri huku mbele, ya nini kuifungua tena?" Upepo ukavuma. "Kwani vipi?"

"Baba Maswali. Mtetemeko ulianza kabla ya makofi au baada?"



"Baada," mumewe alisema. "Lo! Na mimi nikakwambia ulegeze mikono."

"Ukirudi, utalegeza wewe nati."

Wifi naye, alipopigiwa, alianza kwa kujitetea na kumalizia kwa kushika kichwa. Mshiko huo ulisikika hata kwenye simu. "Ile! Si ile niliyogonga nayo shimo nikitoka zamu! Mlinzi wa hospitali akanibadilishia, hiyo mbovu akaitupa kwenye buti, nikasema kesho nitaipeleka kwa fundi... Jamani, kesho hiyo! Lakini wifi, halikuwahi kunitetemekea, sikusema uongo."

"Hukusema uongo, wifi. Tetemeko ulikuwa umelifungia kwenye buti."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama alidakia kutoka nyuma. "Na huyu tulikuwa tunampa lifti."

Hawakungoja mume arudi. Mama Maswali alibadilisha gurudumu mwenyewe, akalirudisha la ngazi-ngazi mahali pake, na wote watatu wakaipeleka rimu iliyopinda kwenye kona. Pancha alipoiona alama ya chaki aliinamia, akapitisha dole gumba, akapuliza hewa kwa midomo.

"Imepigwa mgongoni! Na mimi nilitazama uso tu. Nimekagua gari kama picha ya kitambulisho." Akamtazama Mama Maswali, kisha chaki. "Ulijuaje?"

"Nililipima pindo."

"Pindo la gari?" Pancha alicheka mpaka mteja aliyekuwa akingoja baiskeli yake akacheka bila kujua anacheka nini. "Haya, dada, hebu nionyeshe."

Alitoa tairi kwenye rimu, akaifunga rimu kwenye mhimili wake wa kuzungushia, na Mama Maswali akamwonyesha. Ilikuwa ya chuma, si ya aloi, kwa hiyo Pancha alisema ana tumaini nayo. Ile ya aloi hupasuka ikibembelezwa. Aliweka jeki ndogo ndani ya duara, akaisukuma kidogo, akaondoa, akazungusha, akasogeza chaki. Nyundo iliyovishwa mpira ikalia. Chaki. Nyundo. Alama ya urefu wa kidole ikawa ya urefu wa ukucha, kisha kivuli, kisha ikatapakaa ikawa mstari mwembamba wa duara zima. Maswali alisimama akiwa amefunga mikono nyuma kama mkaguzi, akauliza chuma huumia au hakiumii, rimu hukumbuka shimo au hukumbuka duara, na tairi likivuliwa huona baridi. Pancha alijibu yote, kwa makini. Hilo la pili lilimchukua muda.

"Hukumbuka vyote viwili," alisema. "Ndiyo maana hii nitawapa ikae akiba. Ikibidi, itawafikisha. Siku zote ngazi mbele."

Walirudi kwa njia ndefu, ile ya kiwanda. Hakuna aliyependekeza, gari lilikata kona lenyewe. Ukuta wa saruji ukaanza kupita, matangi yakaja. Mshale ukapanda mpaka themanini, na Mama Maswali akauzuia hapohapo. Alisubiri. Viganja vilisubiri. Usukani ulikaa mikononi mwake umetulia, hai kidogo tu, kama mgongo wa paka aliyelala.

"Limeacha kuogopa," Maswali alisema nyuma.

* * *

Mwalimu alipopita mchana aliikuta meza ya kukatia imefutwa, na lesi imetolewa kwenye mfuko na kutandazwa. Kwenye mto wa sindano palikuwa na sindano ya mkono yenye uzi mweupe. Uzi mweusi ulikuwa sakafuni. Sumaku haikuweza kuunasa, kwa hiyo Maswali alikuwa ameufanya bangili.

"Umefikiria?" mwalimu aliuliza, akiwa bado mlangoni, tayari kwa jibu lolote.

"Nimefikiria. Ingia. Vaa hii sketi ya ndani, upande kigoda nikupime pindo kwanza. Maua ya kifuani yatafuata."

Mwalimu akapanda, ameinua mabega kwa furaha. Mama Maswali akapiga goti. Kiwiko juu ya goti. Bibi akainuka polepole kwenye kiti chake bila kuombwa, akaja, akaweka mikono yake miwili yenye kutetemeka kwenye kiuno cha bibi harusi, kama alivyoiweka kwenye viuno vingi kabla ya hapo.

"Usihangaike kugeuka, binti yangu," alimwambia. "Mimi nitakuzungusha. Wewe simama tu."

Kitambaa kikaanza kupita mbele ya chaki. Maswali alikuwa amejilaza kifudifudi sakafuni, kidevu juu ya ngumi, akitazama mahali nguo na chaki vinapokaribiana, macho hayapepesi, pumzi ameishika. Alingoja mzunguko mzima. Kisha akashindwa.

"Mama," alinong'ona, "kwani mwalimu naye amepinda?"

Mwalimu alipiga kelele ya kucheka, bibi akaegemea kigoda kwa kicheko, sketi ikatikisika, meza ikatikisika, na kikombe cha bibi kikaimba juu ya sahani yake. Chaki peke yake ndiyo haikutembea.